Grisi Kidogo, Maji Yafike Bomani: Kutunza Mkokoteni, Tela na Viungio Vyake



Umezoea kusoma hapa habari za kupe, chanjo na malisho. Leo tunazungumza habari za grisi. Usidhani tumepotea njia. Wakati wa kiangazi, uhai wa ndama, mbuzi wanaonyonyesha na wagonjwa waliobaki nyumbani hutegemea maji yanayoletwa kwa mkokoteni wa punda, gari la ng'ombe au tela ya trekta. Gurudumu likigoma njiani, ni mifugo inayolala na kiu. Na kabla halijagoma, mnyama anayevuta huwa ameshaumia kwa siku nyingi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kiangazi kimoja niliitwa katika boma moja kutibu punda jike mwenye kidonda kifuani, mahali unapopita mkanda wa kuvutia. Nikakisafisha, nikapaka dawa, nikamwambia mama mwenye punda ampumzishe. Akaniuliza, "Akipumzika yeye, maji ataleta nani? Halafu, daktari, mkokoteni huu siku hizi umekuwa mzito." Lile neno la mwisho sikulitia maanani. Wiki ya pili kidonda kilikuwa palepale. Wiki ya tatu kimepanuka, nami nikaanza kumlaumu mama kwamba hafuati maelekezo.

Siku hiyohiyo punda akapita mbele yangu na mapipa mawili, nikasikia gurudumu la kushoto likilia. Tukateremsha maji, tukamfungua punda, tukainua mkokoteni. Gurudumu la kulia lilizunguka kwa kidole kimoja. La kushoto lilitaka mikono miwili. Fundi alipofungua, ndani hapakuwa na grisi bali unga mweusi mkavu kama ugoro, na beringi imeshaanza kuliwa. Punda yule alikuwa akivuta maji na wakati huohuo akiburuta gurudumu lililojifunga kama breki. Beringi ilipobadilishwa na mkanda ukatandikwa kitambaa laini, kidonda kilifunga. Mama alikuwa ameniambia ugonjwa ulipo tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa natazama ngozi tu.

Tangu siku hiyo, nikiona kidonda cha kifuani, shingoni au mabegani kwa mnyama wa kuvuta, nakagua na magurudumu. Nawe fanya hivyo.

KWA NINI CHUMA KINATAKA GRISI

Chuma kikisuguana na chuma kikavu, hutoa joto, huliwa na hatimaye hushikana. Grisi hukaa katikati ili vyuma viteleze bila kugusana. Pia huzuia maji yasilete kutu, na huzuia vumbi lisiingie ndani.

Fikiria uzito. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Pipa la lita 200 ni kilo 200, mapipa mawili ni kilo 400, kabla hujahesabu mkokoteni wenyewe. Tanki la lita 1,000 juu ya tela ni tani nzima. Uzito wote huo umelala juu ya vyuma vidogo vya mviringo ndani ya magurudumu, yaani beringi. Hivyo ndivyo vinavyohitaji grisi kuliko kitu kingine chochote.

GRISI IPI, NA IPI SIYO

Kwa beringi za magurudumu, omba dukani grisi ya lithiamu namba 2, ile ya matumizi mengi ya magari. Namba hiyo huandikwa kwenye kopo. Ni laini ya kutosha kupenya, na nzito ya kutosha isitiririke kwa joto. Usichanganye grisi mpya ya aina nyingine juu ya ile ya zamani. Aina mbili zinaweza kukataana, zikawa maji na kuvuja. Safisha ya zamani kwanza.

Kopo lifunikwe daima. Kopo lililoachwa wazi siku moja ya upepo lina mchanga, na grisi yenye mchanga ni msasa. Ni afadhali ununue kopo dogo linalofunikwa vizuri kuliko kubwa linalokaa wazi.

Oili chafu ya injini isiwekwe kwenye beringi. Ni nyepesi, hutiririka nje, na imebeba uchafu na chembe za chuma kutoka kwenye injini ilikotoka.

Je, mafuta ya kondoo? Wazee walipaka, na hawakukosea: hulainisha kwa muda. Lakini huyeyuka kwa joto, huoza, huvuta sisafi na mbwa, na yakichacha hukiuma chuma. Yana kazi yake nzuri, nayo ni kwenye ngozi ya matandiko. Tutaifikia.

JINSI YA KUTAMBUA GURUDUMU LENYE SHIDA

Fanya ukaguzi huu mkokoteni ukiwa mtupu na mnyama amefunguliwa.

1. Sukuma. Kwenye ardhi tambarare na ngumu, mtu mzima mmoja asukume mkokoteni mtupu bila kujikamua. Ukiwa mgumu, kuna gurudumu linalokataa.

2. Inua na uzungushe. Inua upande mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono. Lizunguke kwa ulaini na kusimama polepole. Likikwaruza, likinguruma au likisimama ghafla, lifunguliwe.

3. Tikisa. Shika gurudumu juu na chini, livute na kulisukuma. Likicheza na kugonga, ama nati imelegea ama beringi imekwisha.

4. Gusa baada ya safari. Ukifika nyumbani, sogeza nyuma ya kiganja karibu na kitovu cha gurudumu, kisha uguse kwa uangalifu. Uvuguvugu si kitu. Ukishindwa kuuacha mkono hapo kwa sababu ya moto, usilitumie tena gurudumu hilo kabla ya kulifungua.

Dalili ya tano anayo mnyama: anasita kuondoka, anavutia upande mmoja, anatoka jasho mapema kuliko zamani, au ana michubuko ya mkanda upande mmoja tu. Usimpige kabla hujakagua gurudumu.

KUFUNGUA NA KUPAKA GRISI BERINGI ZA GURUDUMU

Maelezo haya ni ya mkokoteni au tela yenye ekseli ya gari, ambayo ndiyo iliyoenea. Kama hujawahi kufanya, mara ya kwanza mwite fundi nawe usimame karibu ujifunze.

Vifaa: spana, koleo, nyundo ndogo, jeki au gogo la kuinulia, mawe makubwa, kitambaa safi, kikombe cha dizeli au mafuta ya taa, spiliti pini mpya, na kopo la grisi.

Usalama kwanza: Fungua mnyama kabla ya kuinua chochote. Teremsha maji yote. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu linalobaki chini. Mkokoteni wa magurudumu mawili huinuka mbele au nyuma bila taarifa, kwa hiyo uegemeze pande zote mbili. Baada ya kuinua kwa jeki, weka gogo imara chini ya ekseli. Jeki peke yake haiaminiki, na watoto wakae mbali.

Hatua ya 1. Futa vumbi lote kuzunguka kitovu cha gurudumu kabla ya kufungua. Mchanga unaouacha nje ndio utakaoingia ndani.

Hatua ya 2. Ondoa kifuniko, nyoosha na uchomoe spiliti pini, fungua nati na wosha, kisha vuta gurudumu taratibu. Beringi ya nje itatoka kwanza, ipokee kwa kitambaa isianguke mchangani. Vya kushoto na vya kulia visichanganywe.

Hatua ya 3. Osha beringi kwa dizeli au mafuta ya taa mpaka grisi yote ya zamani itoke. Usitumie petroli, maana huwaka kwa urahisi, na usifanye kazi hii karibu na moto au mtu anayevuta sigara. Kausha kwa kitambaa safi. Futa pia grisi ya zamani ndani ya kitovu.

Hatua ya 4. Kagua mwangani. Beringi nzima hung'aa na ni laini. Ikiwa ina mashimo madogo, mikwaruzo, au rangi ya buluu ya chuma kilichoungua, itupe. Grisi haiponyi beringi iliyokufa. Ukinunua mpya, chukua ya zamani dukani ili zilingane, na ununue pamoja na bakuli lake. Mpira unaozuia grisi nyuma ya gurudumu, yaani sili, ukiwa umepasuka ubadilishwe pia, kwa sababu ndiyo mlango wa vumbi.

Hatua ya 5. Weka donge la grisi kwenye kiganja kilichooshwa. Shika beringi, upande wake mpana ukitazama kiganja, na uikandamize ukingoni mwa donge mpaka grisi ijitokeze juu kati ya vyuma. Geuza kidogo, rudia, mpaka umezunguka yote. Kupaka kwa nje tu hakutoshi, ni lazima grisi ipenye katikati.

Hatua ya 6. Paka grisi ndani ya kitovu, lakini usikijaze. Theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo wazi inatosha. Ukijaza kabisa, grisi hukosa pa kwenda, hupata joto na kusukuma sili nje.

Hatua ya 7. Rudisha kila kitu kwa mpangilio. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, kisha ilegeze kidogo, isizidi robo ya mzunguko, hadi tundu la spiliti pini lilingane. Gurudumu lizunguke bila kukwama na lisicheze ukilitikisa. Weka spiliti pini mpya. Ya zamani ikikunjwa mara ya pili hukatika, na ikikatika gurudumu huchomoka njiani.

Mikokoteni ya zamani ina vipande vya mbao ngumu badala ya beringi. Hiyo haitaki grisi nzito. Toboa tundu dogo juu ya mbao mpaka ifike kwenye ekseli, na kila wiki dondosha humo oili safi kidogo. Ziba tundu kwa kijiti ili mchanga usiingie.

KIUNGIO CHA TELA

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kupaka grisi nyingi mno. Ndani ya beringi grisi imefungiwa, vumbi haliioni. Kwenye kiungio iko wazi, na vumbi la barabara zetu huiona mara moja. Grisi nene ikishika mchanga hulisaga tundu na pini.

Kwa tela ya trekta yenye pete na pini:

1. Kila kabla ya safari futa pete, pini na tundu kwa kitambaa mpaka chuma kionekane.

2. Paka grisi nyembamba, kama mafuta unayojipaka mkononi. Ukiona donge, umezidisha.

3. Tazama pete na pini. Zikiwa zimeliwa upande mmoja na kuwa nyembamba, au zina ufa, grisi haisaidii. Zibadilishwe.

4. Pini iwe ya saizi yake na iwe na kipini cha usalama chini ili isiruke juu. Usiweke kipande cha nondo badala ya pini. Nondo hupinda na kukatika penye shimo, na tela yenye tani ya maji ikiachia mlimani, haimchagui mtoto wala ng'ombe.

5. Funga mnyororo wa usalama kila safari, hata ya karibu.

Kwa tela ndogo ya pikapu yenye kiungio cha mpira wa chuma, futa ule mpira wa chuma na kikombe chake, paka grisi nyembamba, na tela ikiwa haijafungwa uvishe mpira huo chupa ya plastiki iliyokatwa ili vumbi lisikae juu yake. Hakikisha kishikio kimejifunga kabla ya kuondoka.

Bawaba za milango na uzi wa breki hupewa matone ya oili safi tu. Chuchu za grisi, ambazo mafundi huziita nipeli, zifutwe kwanza, kisha usukume grisi kwa bomba lake mpaka ya zamani ichungulie nje, halafu ufute inayozidi. Viatu na ngoma za breki zisiguswe na grisi hata kidogo.

MATANDIKO NA VIFAA VYA TIBA

Mikanda ya ngozi: hapa ndipo pa mafuta ya kondoo. Osha ngozi, iache ikauke kivulini, paka mafuta kidogo na uyasugue yaingie. Futa yanayobaki juu. Mkanda uliokauka hukata ngozi ya mnyama kama kisu, na wenye mafuta mengi hushika vumbi na kuleta vidonda vilevile. Pete na ndoano za matandiko zisipakwe grisi upande unaogusa mwili.

Bomba la mgongoni la dawa ya kupe: baada ya kazi lisukume kwa maji safi mara kadhaa, mbali na kisima na lambo. Grisi ya gari isiguse mipira yake, huivimbisha na kuilegeza. Kama ndani kuna kipande cha ngozi badala ya mpira, kipe matone ya mafuta ya kula. Kwa mipira, mwulize muuzaji grisi ya silikoni.

Koleo la Burdizzo la kuhasi: dondosha oili safi kwenye viungo, lakini meno yabaki makavu na safi. Lihifadhi likiwa limefunguliwa, lisikae limebanwa.

Sindano za chanjo: zisipakwe grisi wala oili ya aina yoyote.

GRISI ISIGEUKE SUMU BOMANI

Ng'ombe na mbuzi hulamba vitu, hasa wakikosa chumvi. Oili chafu na betri za zamani zinaweza kuwa na risasi, yaani ile madini ya ledi, ambayo hupofusha na kuua ng'ombe. Kwa hiyo:

- Oili chafu, grisi ya zamani na vitambaa vyake viwekwe kwenye chombo kilichofungwa, nje ya uzio wa mifugo. Usimwage karibu na maji.
- Usipake oili chafu kwenye kidonda wala kwenye upele wa ngamia, mbuzi au punda. Najua imezoeleka. Huchoma ngozi, huingia mwilini, na mnyama hujilamba. Upele una dawa yake, njoo tuonane.
- Mnyama akinywa oili au dizeli, usimnyweshe maziwa, mafuta wala kitu chochote kwa nguvu. Kinaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Mtenge na chanzo cha sumu na umwite mtaalamu wa mifugo haraka.
- Nawa kwa sabuni kabla ya kukamua. Chombo kilichowahi kubeba oili au dawa ya kupe kisiwe cha maziwa wala maji, milele.

RATIBA YA KUKUMBUKA

Kila safari: futa kiungio, kagua pini, mnyororo na mikanda, na usikilize magurudumu.

Kila wiki: oili kwenye bawaba na kwenye mbao za ekseli. Pitisha mkono chini ya mikanda ya mnyama kutafuta joto, uvimbe au nywele zilizokatika.

Kila mwezi: inua magurudumu, zungusha na utikise. Sukuma grisi kwenye chuchu.

Mara mbili kwa mwaka: fungua beringi, osha na upake upya. Mara ya kwanza masika yanapoisha, kabla kiangazi hakijakaza. Mara ya pili kabla ya mvua kurudi.

Baada ya kuvuka mto au tope lililofunika kitovu cha gurudumu: fungua ukague, hata kama mwezi haujatimia. Maji yakiingia, grisi huwa nyeupe kama maziwa, na hiyo haifai tena.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KWENYE KIKUNDI

1. Punda ana kidonda cha mkanda kisichopona. Ni vitu gani vitatu vya kukagua kabla ya kuongeza dawa?
2. Kwa nini beringi hupewa grisi ya kutosha ndani, lakini kiungio cha tela hupewa nyembamba tu?
3. Katika boma lenu, ni nani anayetembea na mkokoteni kila siku? Je, anasikilizwa anaposema umekuwa mzito?

Swali la tatu ndilo lililonishinda mimi. Anayechota maji, mara nyingi mama au kijana, hujua mkokoteni umebadilika siku nyingi kabla ya fundi na kabla ya daktari wa mifugo. Akisema, inua gurudumu siku hiyohiyo.

Kopo moja la grisi na nusu siku ya kazi huokoa beringi, kifua cha punda na ndama wanaongoja maji. Kama kuna jambo halijaeleweka, muone afisa mifugo wa kata yako, au lete mkokoteni wako siku ya josho tuufungue pamoja.